Barua ya wazi kwa wakuu wa mitihani: alama ya ufahamu wa Kiingereza inapima nini?

Kwa Wakuu wa Bodi ya Mitihani ya Sekondari,

YAH: MTIHANI WA KUSIKILIZA NA KUSOMA KWA UFAHAMU, SOMO LA KIINGEREZA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Walimu wa Kiingereza tumeyafikisha malalamiko haya kwa utaratibu uliowekwa: tulianza kwa wakuu wa shule, tukaenda kwa wakaguzi, mwishowe tukabisha hodi ofisini kwenu. Pale tulipojibiwa, jibu lilikuwa moja: maoni yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Karatasi iliyofuata ikaja na kasoro zilezile, na nyingine mbili tatu juu yake.

Nianze kwa kusema nisichokipinga. Sipingi mtihani, wala sisemi Kiingereza kisipimwe. Mwanafunzi anayemaliza sekondari atakutana na mihadhara, maelekezo ya kazi, mikataba na vitabu vya lugha hiyo, na ni haki yake kujua anaelewa kwa kiasi gani. Kupima kusikiliza na kusoma ni jambo jema. Tatizo ni kwamba alama mnayoitoa kwa jina la ufahamu imechanganyika na vitu vingine vingi, hata mwalimu aliyemfundisha mtoto miaka minne hawezi kuisoma akajua inasema nini. Nitavitaja vitu hivyo kimoja kimoja.

1. Sauti.

Mtihani wa kusikiliza una swali la kwanza ambalo halimo kwenye karatasi: je, mtahiniwa anasikia? Ukumbini spika moja huwekwa mbele, kwenye meza ya msimamizi, na rekodi inachezwa. Walioketi mbele wanasikia hata pumzi ya msomaji. Walioketi nyuma wanapata mwangwi wa kuta, miguu ya viti na kikohozi cha jirani. Mvua ikianza, hawapati kitu.

Na sauti inapofifia haifi yote kwa pamoja. Vokali hudumu, konsonanti hafifu ndizo hutangulia kupotea, na katika Kiingereza konsonanti hizo zina kazi kubwa. Herufi "s" ya mwisho hutofautisha umoja na wingi. Herufi "d" au "t" ya mwisho hutofautisha jana na leo. Kumi na tano na hamsini kwa lugha hiyo zinapishana kwa mkazo na kwa "n" moja tu mwishoni. Watunzi wenu wanazipenda sana namba hizo mbili. Mtoto wa mstari wa mwisho anayeandika hamsini hamjui kama hajui Kiingereza au amekaa mbali.

Zaidi ya hapo, viti hupangwa kwa orodha ya majina. Kwa hiyo mwenye jina linaloanzia na herufi za mwisho za alfabeti ameshapoteza alama siku aliyozaliwa.

Wenzetu wanalichukulia vipi jambo hili? Korea Kusini, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege haziruki wala hazitui nchi nzima kwa dakika 35 hivi, ili sehemu ya kusikiliza Kiingereza isiingiliwe na kelele. Japani ilipoingiza sehemu ya kusikiliza katika mtihani wake wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, mwaka 2006, kila mtahiniwa alipewa kichezeshi chake kidogo na vipokea sauti vyake vya masikioni. Mimi siombi ndege zisimame. Naomba spika ya pili, na mtu wa kukaa kiti cha nyuma kabisa kabla ya mtihani, asikilize sampuli, aseme kama inasikika.

2. Mara moja au mara mbili?

Kuna mitihani inayocheza rekodi mara moja tu, kama IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Kuna inayocheza mara mbili, kama ule wa Cambridge wa kiwango cha B2, yaani cha kati kwenda juu. Mtihani mpya wa Japani, ulioanza mwaka 2021, umechanganya: sehemu za mwanzo mara mbili, za mbele mara moja. Kila njia ina hoja yake na sina ugomvi na yoyote. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu uamuzi huu unategemea msimamizi. Maelekezo yenu yanasema rekodi irudiwe "ikibidi". Ikimbidi nani? Ukumbi mmoja msimamizi mpole ameirudia mara tatu. Ukumbi wa jirani msimamizi mwoga hakuigusa tena, hata baada ya umeme kukatika katikati ya mazungumzo. Kisha matokeo ya kumbi hizo mbili yakapangwa kwenye orodha moja, shule hii juu ya ile.

3. Kinachochezwa si mazungumzo.

Rekodi zetu ni insha iliyosomwa kwa sauti. Sentensi ina vishazi vitatu, vitenzi vimepangwa kwa adabu, hakuna anayesita, hakuna anayejirekebisha wala anayekatizwa. Watu hawaongei hivyo kwa lugha yoyote. Mtu anapoongea hurudia wazo kwa maneno mengine, hutua, husema "ninachotaka kusema ni", hupandisha sauti penye jambo zito. Msikilizaji huegemea hayo yote ili akili ipate nafasi ya kushika maana. Andishi lililotungwa kusomwa kimya halina egemeo lolote. Ukilisoma kwa sauti unampa mtoto ugumu wa maandishi bila ile faida ya maandishi, ya kuweza kurudi nyuma na kusoma tena.

Juu ya hilo, maswali hayaonekani mpaka rekodi iishe. Katika maisha hakuna anayesikiliza bila kusudi: anayesikiliza tangazo la safari anangoja saa na lango, mengine yanampita na wala hayamhusu. Ninyi mnamtaka mtahiniwa ahifadhi kila kitu, jina la mbwa pamoja na sababu ya ugomvi, halafu ndipo mumwambie mlichokuwa mnakitaka. Hapo mnapima kumbukumbu. Nusu dakika ya kupitia maswali kabla ya rekodi haina gharama hata kidogo.

4. Tahajia.

Mtoto amesikia, ameelewa, ameandika jibu sahihi, akakosea herufi moja. Sifuri. Kuna karatasi nyingine nzima ya kuandika, na tahajia ikapimwe huko.

5. Maswali yanayojibika bila kusoma.

Hili ndilo lililonifanya nianze kuandika barua, kwa hiyo mniwie radhi nikilikalia.

Chukueni karatasi yenu yoyote ya kusoma kwa ufahamu. Fichani kifungu cha habari. Wapeni wanafunzi maswali na machaguo peke yake. Mimi nimefanya hivyo darasani kwangu, na walimu wenzangu wamefanya madarasani kwao. Wanafunzi wanapata alama nyingi kuliko ambazo bahati tupu ingewapa, na wengine wanapita kabisa mstari wa kufaulu. Wanacheka, wanadhani ni mchezo. Mwalimu ndiye asiyecheka.

Sababu si ngumu kuona. Kifungu kinahusu uvutaji wa sigara, na swali linauliza kwa nini daktari alimshauri mgonjwa aache. Machaguo ni: inaharibu mapafu, inaongeza akili, inarefusha maisha, inapendeza. Ni mtu gani anahitaji kusoma kifungu? Swali lingine linauliza mwandishi ana mtazamo gani, na kati ya machaguo manne moja tu ni refu, lenye "kwa kiasi fulani" na "mara nyingi". Watoto wameshajua kuwa jibu refu na lenye tahadhari ndilo jibu. Wanafundishana hilo kabla hawajafundishwa kutafuta wazo kuu la aya. Na pale jibu la swali la nne linapotajwa ndani ya swali la saba, mjanja huanza kusoma maswali kutoka nyuma.

Vipotoshi, yale majibu mabaya yanayowekwa kando ya jibu jema, vina kazi maalumu: kumvuta aliyeelewa vibaya kwa namna fulani inayojulikana. Aliyeshika neno moja akaacha "isipokuwa" lililofuata ajikute hapo. Aliyechanganya chanzo na matokeo ajikute pale. Kipotoshi ambacho hakuna anayekichagua ni wino uliopotea. Mwaka 2005 mtafiti Michael Rodriguez alikusanya utafiti wa miaka 80 kuhusu maswali ya kuchagua, akaona kuwa machaguo matatu yanatosha kwa hali nyingi, kwa sababu chaguo la nne kwa kawaida huwa la kujazia nafasi. Kama watunzi wanatoa jasho kutafuta la nne, waacheni watunge matatu ya maana.

Tukumbuke pia hesabu ya kubahatisha. Maswali 40 yenye machaguo manne humpa asiyejua kitu alama 10 hivi, bure. Alama 14 za mtoto anayejitahidi na alama 10 za aliyepaka vidoto akiwaza mpira zinakaa jirani kwenye cheti, na ninyi mnaziita viwango viwili vya ufahamu.

6. Ujuzi wa mada, na wingi wa msamiati.

Mwaka 1979 Margaret Steffensen na wenzake waliwapa wasomaji wa Marekani na wa India barua mbili, moja ya harusi ya Kimarekani na nyingine ya harusi ya Kihindi. Kila kundi lilisoma barua ya kwao kwa haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwajaribu wanafunzi 64 kwa habari ya mechi ya besiboli: wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo huo waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Haya yamejulikana kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa. Bado mtihani wetu unaleta vifungu vitatu, viwili vikitoka kwenye ulimwengu wa mtoto mmoja na siyo wa mwingine: kuteleza kwenye theluji, kununua hisa, au adabu za chakula cha jioni hotelini. Siombi vifungu vya kitoto. Naomba viwe vingi, vifupi, vya mada mbalimbali, ili asiyejua hiki akutane na kile.

Kuhusu msamiati, Marcella Hu na Paul Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ya andishi. Wasomaji wasiojua maneno 20 katika kila 100 hawakuweza kufika popote. Kifungu cha maneno 300 basi kina nafasi ya maneno sita mageni. Vifungu vyenu vina aya ambazo sita hizo zinaisha kwenye sentensi ya kwanza, halafu swali linamtaka mtoto "akisie maana kutokana na muktadha", muktadha wenyewe ukiwa ni maneno mengine asiyoyajua.

7. Aina moja ya swali.

Nani, wapi, lini, kiasi gani. Karibu maswali yote yanamtaka mtoto achomoe taarifa ilipo. Kuchomoa ni sehemu ya kusoma, lakini ni ngazi ya chini. Mtihani wa kimataifa wa PISA, unaofanywa na vijana wa miaka 15 tangu mwaka 2000, huuliza pia andishi lina maana gani kwa ujumla, na huuliza kama linaaminika: nani kaliandika, kwa nini, anapingana wapi na mwingine. Kijana anayesoma matangazo na porojo kutwa kwenye simu anahitaji ngazi hiyo ya juu kuliko zote. Na kwa kuwa haitahiniwi, haifundishwi. Hatudanganyani hapo, sisi walimu hufundisha kitakachoulizwa, na wazazi wangetushangaa tukifanya vingine.

8. Wasiosikia vizuri.

Mtahiniwa mwenye uziwi wa kiasi huketishwa mbele, na basi. Wa uziwi kamili hupewa sifuri ya kusikiliza, sifuri inayojumlishwa kwenye alama yake ya Kiingereza kana kwamba amekosa maswali. Nimejaribu kulieleza hili kwa lugha ya upole na nimeshindwa. Ni dhuluma. Mwondoleeni sehemu hiyo na mkokotoe alama yake kwa sehemu zilizobaki, au mpeni njia nyingine. Msisubiri kamati.

9. Usiri.

Baada ya mtihani karatasi hukusanywa, mwongozo wa kusahihisha haujulikani, na matokeo hutoka yakiwa alama moja iliyojumlisha kusikiliza, kusoma na sarufi. Mtoto aliyeanguka hajui ameangukia wapi. Nami sijui nirekebishe nini.

Mtaniambia kuwa watunzi ni wataalamu. Nawaheshimu. Wataalamu wa Korea Kusini nao si wadogo. Novemba 2014 swali la 25 la Kiingereza katika mtihani wao wa kuingia chuo kikuu lilikuwa na mchoro wa takwimu, na sentensi moja ilisema kiwango kimepanda kwa asilimia 18, kutoka asilimia 2 hadi 20. Hesabu hiyo si sahihi. Kilichopanda ni pointi 18 za asilimia, yaani 20 ukitoa 2; asilimia 18 ya 2 haifiki hata nusu. Watahiniwa walilalamika, kwa sababu maswali na majibu huchapishwa mara baada ya mtihani na kuna siku zilizotengwa za kupinga. Taasisi inayosimamia ikakubali majibu mawili, na mkuu wake akajiuzulu. Siwaombi mjiuzulu. Nataka tu muone kuwa kosa lile lilionekana kwa sababu swali lilikuwa hadharani. Yetu yanalala kabatini, tukayaita sahihi kwa kuwa hakuna aliyeyaona.

Sasa visingizio, maana navijua; vingine nimeviona kwenye barua zenu.

Mtasema fedha hazipo. Katika haya niliyoyataja, spika ndizo zenye gharama ya kuonekana. Kuonyesha maswali kabla ya rekodi, kuacha kukata alama za tahajia, kuandika "mara mbili" badala ya "ikibidi", kuchapisha mwongozo: hayo yanahitaji kalamu.

Mtasema maswali yakichapishwa hayatatumika tena. Ni kweli, na mtalazimika kutunga mapya. Lakini kama hofu ni hiyo, chapisheni nusu, au chapisheni takwimu za kila swali: wangapi walipata, na kama waliofanya vizuri kwenye karatasi nzima ndio waliolipata. Swali ambalo wanafunzi bora wamelikosa na dhaifu wamelipata lina kasoro, na mtu yeyote mwenye majedwali yenu angelibaini kwa mchana mmoja. Kama mnayo majedwali hayo na hamyaangalii, ni jambo moja. Kama hamyatengenezi kabisa, ni jambo kubwa zaidi.

Mtasema wanafunzi wetu Kiingereza chao ni dhaifu na walimu wanatafuta pa kujificha. Udhaifu upo, sikatai, na ndiyo sababu nataka kipimo kinachouonyesha ulipo. Kwa karatasi hii sijui kama darasa langu limeshindwa kusikia, kukumbuka, kujua theluji au kuandika neno lenye "m" mbili bila kuacha moja.

Tunachoomba ni hiki. Kabla ya mtihani ujao, toeni maelekezo mapya ya kusikiliza yanayosema rekodi inachezwa mara ngapi, maswali yanasomwa lini, na nini kifanyike umeme ukikatika. Kila ukumbi ujaribiwe sauti mbele ya mwakilishi wa watahiniwa. Tangazeni kwamba tahajia haikatwi alama katika kusikiliza. Watahiniwa wasiosikia wapewe utaratibu wao kwa maandishi. Kila kifungu cha kusoma, kabla hakijaingia kwenye karatasi, kijaribiwe kwa kundi dogo lililopewa maswali bila kifungu. Swali linalojibika litupwe. Cheti kionyeshe alama ya kusikiliza na ya kusoma kila moja mahali pake. Na wekeni siku kumi za kupokea pingamizi baada ya mtihani, kwa jibu la maandishi lenye sababu.

La mwisho tunalidai hata kama mengine yatachelewa, kwa kuwa bila hilo tutaendelea kuandikiana barua za namna hii.

Tuko tayari kuja ofisini na karatasi tulizozifanyia majaribio, pamoja na matokeo ya madarasa yetu bila majina ya wanafunzi. Tunaomba tarehe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, kwa niaba ya walimu wenzangu walioisoma barua hii na kuridhia

Nakala: Wakuu wa shule, Kamati za wazazi, Wakaguzi wa shule